Je, Wajua? Bingwa wa magonjwa ya akili anaweza kuwafaa wagonjwa wa Kapalata bila kukanyaga Kapalata

Je, wajua kwamba Kapalata, kwenye viunga vya Kisangani, ilishuhudia misiba kabla bomu halijaanguka mjini? Kuanzia mwishoni mwa 1997 vijana wa Mai-Mai kutoka Kivu walikusanywa katika kambi ya kijeshi ya hapo. Kipindupindu na njaa vikaua mamia, wakiwemo watoto. Kisha, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigania Kisangani siku sita mfululizo, kwa makombora zaidi ya 6,000. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ile. Kati ya hizo, milioni 225 ni za madhara waliyopata watu.

Misiba ya aina hiyo huacha majeraha moyoni pia. Je, wajua kwamba sonona, ile hali ambayo wengi wetu huiita "mawazo" tu, ina kipimo cha muda? Huzuni isiyoondoka, au kutovutiwa tena na chochote, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, uchovu na kujiona hufai. Kufiwa ukalia ni jambo jingine.

Na mjini au kijijini, wapi sonona ni zaidi? Uchambuzi wa tafiti za nchi tajiri uliotoka 2010 ulikuta uwezekano wa matatizo ya aina hii ukiwa juu mijini kwa asilimia 39. Mimi singeihamishia Tshopo, mkoa wa Kisangani, hesabu hiyo. Huku vita havikuchagua mji wala shamba, na anayetoka kijijini hubeba mawazo yake hadi mjini, ambako anakuta kodi ya nyumba.

Je, wajua kwamba magonjwa ya akili yalitibiwa kwa mbali kabla ya simu za mkononi? Mwaka 1964 madaktari wa Nebraska, Marekani, waliunganishwa kwa televisheni ya kuonana pande zote mbili na hospitali ya wagonjwa wa akili iliyokuwa umbali wa kilomita 180 hivi. Nchini Uganda, corona ilipofunga mikutano 2020, shirika la StrongMinds lilihamishia vikundi vyake vya tiba ya sonona kwenye simu.

Lakini kisa kinachonivutia zaidi ni cha mashariki mwa Kongo kwenyewe. Utafiti uliochapishwa 2013 uliwafuata wanawake 405 wa vijijini waliofanyiwa ukatili wa kingono. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi ya tiba yalifupishwa hadi yakaweza kushikwa kwa kichwa. Waliowahudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake Wakongomani waliofunzwa kazi hiyo, nao walikutana na wasimamizi wao kila wiki, ana kwa ana au kwa simu. Katika kundi la tiba, wenye dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walishuka kutoka asilimia 71 hadi 10, na miezi sita baadaye walikuwa asilimia 9. Waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja walishuka pia, lakini walibaki asilimia 42.

Hapo ndipo simu inapofaa, kwa maoni yangu: ishikwe na mhudumu anayemuuliza bingwa wa mbali, mgonjwa akae na mtu wa lugha yake. Kumpigia mgonjwa moja kwa moja kunaleta shida zake. Unité zinaisha, umeme unakatika, na simu ya nyumba mara nyingi ni moja. Mama ataanzaje kumsema mumewe kwa simu ambayo mume mwenyewe anaisubiri?

Kama kuna mtu wako aliyenyamaza wiki mbili, hali, halali, mpeleke kituo cha afya, useme wazi kwamba ni mawazo, wasije wakampa dawa ya malaria peke yake. Akitaja kufa, usimwache peke yake, ficha sumu ya panya na visu, na mwende siku hiyohiyo.