Makuli wa Liverpool na Silaha ya Mtandao

Katika kazi ya bandari habari ni sehemu ya mtaji. Tajiri mwenye meli kumi katika bahari tatu hujua kila asubuhi ilipo kila meli yake, shehena iliyobeba na bandari itakayotia nanga. Kuli anayeipakua meli hiyo hujua kontena lililo mbele yake tu. Unyonge wa kuli kwa karne nzima umekaa hapo zaidi kuliko ulivyokaa katika ujira mdogo, kwani ujira mdogo ulitokana na hilo.

Sisi watu wa visiwani tunalijua jambo hili kwa historia yetu wenyewe. Agosti 1948 wachukuzi wa bandari ya Unguja waligoma, na haukupita muda mrefu mgomo ukawa wa mji mzima. Mwaka mmoja kabla yake, Januari 1947, walitangulia wafanyakazi wa Mombasa, na Septemba ya mwaka huo wakafuata makuli wa Dar es Salaam, ambao mgomo wao ulipanda na reli mpaka bara. Habari ilisafiri kwa treni na jahazi, kwa mdomo wa baharia na mfanyakazi wa reli. Simu za waya zilikuwapo, lakini zilikuwa mikononi mwa serikali ya kikoloni na makampuni. Kuli wa Unguja hakuwa na njia ya kumwita kuli wa London asiiguse meli fulani, na meli hiyo ingali njiani.

Njia hiyo ilikuja kupatikana baada ya nusu karne, na miongoni mwa watu wa mwanzo kuijaribu kwa upana ni makuli wa Liverpool, Uingereza, kati ya Septemba 1995 na Januari 1998. Kisa chao chastahili kusomwa na kila kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na vilevile na kila mtumishi wa serikali anayeshughulikia mambo ya kazi, kwa kuwa kina mafanikio makubwa na kimemalizika kwa kushindwa.

Tangu mwaka 1947 makuli wa Uingereza walikuwa na mpango wa kisheria uliowalinda wasiwe vibarua wa kuokotwa langoni kila asubuhi. Serikali ya Bibi Margaret Thatcher iliufuta mpango huo mwaka 1989. Katika bandari nyingi ukibarua ukarejea mara moja, lakini Liverpool walibaki wameshikana. Septemba 1995 kampuni ndogo iitwayo Torside iliwafukuza vijana wake kwa ugomvi wa malipo ya saa za ziada. Vijana wakasimama langoni. Wazee wao wa Mersey Docks and Harbour Company, wengine wakiwa ndio baba zao waliowazaa, walifika kazini, wakawaona watoto wamesimama, wakakataa kupita. Nao wakafukuzwa. Jumla yao ilikuwa watu wapatao 500.

Hapo ndipo sheria ilipoonyesha meno. Sheria za Uingereza za miaka ya 1980 na ule wa 1990 zilipiga marufuku mfanyakazi kugoma kwa ajili ya mfanyakazi wa mwajiri mwingine. Chama chao kikubwa, TGWU, kingeutambua mgomo huo kingehatarisha hazina yake yote mbele ya mahakama. Basi kikatoa fedha za kuwasaidia wenye shida, lakini hakikuutangaza mgomo kuwa wake. Magazeti makubwa ya London nayo yaliwapuuza kwa miezi mingi. Watu 500 walibaki langoni, nyuma yao wakiwa wake zao waliojiita Wanawake wa Bandarini, Women of the Waterfront, ambao kwa maoni yangu hawajapewa sifa wanayostahili. Walihutubia mikutano ambayo waume zao waliiogopa.

Kikundi kidogo cha wanaharakati, miongoni mwao Chris Bailey na Greg Dropkin, kilikuwa kimeanzisha tovuti iitwayo LabourNet. Makuli wengi wakati huo hawakuwa na kompyuta, wala haikuhitajika wawe nazo. Mkutano wa wafanyakazi uliamua. Wawakilishi wa gatini, wakiongozwa na mwenyekiti wao Jimmy Nolan, waliandika. LabourNet ikatangaza, na saa chache baadaye tamko lilisomwa San Francisco na Sydney, likachapwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani penye bandari. Faksi na simu ziliendelea kufanya kazi yake pembeni.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawaliangalii. Sisi tuliopita chuoni kabla ya skuli tulifundishwa kwamba khabari huulizwa kwanza nani kaipokea kwa nani. Tamko la Liverpool liliaminiwa na kuli wa Marekani kwa sababu lilikuwa na isnadi: limetoka mkutanoni, limetiwa jina na watu wanaojulikana, na watu hao wenyewe walikuwa wamekwisha fika huko. Desemba 1995, kabla mtandao haujashika kasi, makuli watatu wa Liverpool walisafiri hadi bandari ya Newark, Marekani, wakasimama langoni katika baridi, na wenzao wa Kimarekani wakakataa kuwapita. Barua pepe ilikuja baadaye kumwagilia mti uliopandwa kwa mikono.

Matunda yalionekana tarehe 20 Januari 1997. Siku hiyo makuli katika bandari zaidi ya 100, katika nchi zipatazo 27, walifanya jambo fulani kwa ajili ya Liverpool: wengine walisimamisha kazi, wengine waliandamana, wengine walipunguza kasi. Pwani ya magharibi ya Marekani ilifungwa kwa saa nane. Hakuna makao makuu yaliyotoa amri, na mwajiri hakuwa na kiongozi mmoja wa kumfikisha mahakamani.

Septemba 1997 ikaja meli ya Neptune Jade. Ilikuwa imepakiwa Thamesport, bandari iliyohusishwa na kampuni ile ile ya Mersey. Ilipofika Oakland, California, ikakuta watu langoni na makuli hawakupita. Ikaondoka bila kupakuliwa kwenda Vancouver, huko nako wakaikataa. Ikavuka Bahari ya Pasifiki hadi Japani, na makuli wa Yokohama na Kobe nao hawakuigusa. Mbele ya meli hiyo kila pahala ilitangulia habari yake. Tajiri aliyezoea kujua peke yake ilipo meli yake, safari hii alikuta kuli naye anajua.

(Kwa wale wanaofuata mpira zaidi kuliko siasa: Machi 1997 mshambuliaji wa Liverpool, Robbie Fowler, alipofunga goli aliinua jezi na kuonyesha fulana ya kuwaunga mkono makuli 500. UEFA ikamtoza faini. Goli hilo lilifanya kazi ambayo magazeti yalikataa kuifanya.)

Pamoja na hayo yote, makuli walishindwa. Januari 1998 walikubali malipo ya pauni 28,000 kwa kila mtu na mgomo ukaisha bila wao kurudishwa kazini. Sababu haikuwa upungufu wa kompyuta. Wavunja mgomo waliendelea kupakua meli Liverpool kila siku, na sheria haikubadilika hata baada ya chama cha Labour kushinda uchaguzi wa Mei 1997. Siku moja ya mshikamano duniani ni kitu kikubwa, lakini mwajiri anaweza kuivumilia siku moja.

Vilevile mtandao haukumfumba mwajiri macho. Baada ya kisa cha Neptune Jade, waajiri wa bandari za Marekani walikwenda mahakamani wakidai watajiwe majina ya waliosimama langoni Oakland. Kesi hiyo iliachwa mwaka 1998, lakini kila mwenye kuandika leo katika kundi la WhatsApp la kazini akumbuke kwamba maandishi hayafutiki kama maneno ya barazani.

Mwaka huo huo wa 1998 funzo lilitumika Australia. Aprili kampuni ya Patrick iliwafukuza makuli wapatao 1,400 usiku, kwa walinzi na mbwa. Njia za habari zilizojengwa kwa ajili ya Liverpool zilikuwa tayari, na mwezi Mei meli ya Columbus Canada ilikataliwa Los Angeles. Ila huko Australia mahakama kuu ya nchi iliwapa nafuu wafanyakazi, nao wakarudi kazini, ingawa wengi wao hatimaye walipunguzwa. Msomaji aone tofauti iliyoletwa na sheria, kwani mtandao ulikuwa ni ule ule.

Kwa upande wetu, Sheria ya Uhusiano Kazini ya Zanzibar Na. 1 ya 2005 inatambua haki ya kuunda chama. Swali ni kama chama kinaufikia mfanyakazi wa hoteli ya Nungwi au Paje ambaye zamu yake inaisha usiku na ofisi ya chama imefungwa saa tisa na nusu. Huyo ana simu mkononi. Vyama vyetu havina budi kumfuata humo, kwa taarifa zenye jina la mwandishi na tarehe, badala ya kuyaachia makundi ya uvumi. Na maafisa wa kazi wanaokasirika wanapoona malalamiko mtandaoni wajiulize kwanza kama barua ya malalamiko hayo haijalala mezani kwao.

Kwa mabaharia jambo ni kubwa zaidi. Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Usafirishaji, ITF, ambalo tangu 1948 linapigana na meli zinazojificha chini ya bendera za nchi nyingine, limeiweka bendera ya Tanzania Zanzibar katika orodha yake ya bendera za kukodi. Hilo si la kufurahisha, na wahusika wanapaswa kulijibu kwa vitendo. Lakini shirikisho hilo hilo lina tovuti ambayo kijana wa Tumbatu au Pemba aweza kuandika jina la meli kabla hajatia saini, akaona kama ina mkataba unaotambulika wa mishahara. Aidha Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2019, umefanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika Desemba 2024: mwenye meli atakiwa, kadiri inavyowezekana, kumpa baharia intaneti melini, na akitoza bei, iwe ya kiasi. Wakaguzi wetu wapandapo meli pale Malindi, pamoja na maji ya kunywa na maboya ya kuokolea, waulize na hilo.