Usonji si jini: Tuingie kwa mlango alioufungua mtoto

Katika baraza za Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, mzee anayeweza kueleza kutwa nzima tofauti ya mashua na jahazi, akataja kila kamba na kila ubao, huitwa fundi. Kijana anayekumbuka kikosi cha Simba au cha Yanga cha miaka ishirini iliyopita, na nani alifunga bao dakika ya ngapi, huitwa mshabiki, na watu humzunguka wamsikilize. Lakini mtoto wa miaka saba apangaye makombe ya pwani kwa mstari kuanzia adhuhuri hadi alasiri, asiitike anapoitwa, akalia kwa uchungu kombe moja likiondolewa, huyo hupewa jina jingine. Husemwa ana jini, au amerogwa, au mama yake amemdekeza. Kupenda mno kitu kimoja, ambako kwa mtu mzima tunakuhesabu kuwa ni ujuzi, kwa mtoto huyu tunakuhesabu kuwa ni balaa.

Kinachofuata baada ya jina hilo ndicho kinachotutia hofu. Mtoto hufungiwa chumbani wageni wanapokuja. Huondolewa madrasa kwa kuwa huziba masikio wenzake wanaposoma kwa sauti. Mama yake huacha kwenda harusini na msibani, maana amechoka kutazamwa.

Hali inayozungumzwa hapa ni usonji. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo ambayo mtoto huwa nayo tangu mwanzo wa maisha yake, na Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa humpata takriban mtoto 1 katika kila 100. Dalili zake hazifanani kwa wote. Yupo asiyesema kabisa, na yupo asemaye kama kitabu lakini hajui kupokezana maneno. Wengi husumbuliwa na kelele, mwanga au mguso, hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule, na hushikwa na shauku kubwa ya kitu kimoja. Dalili moja huweza kutupita sisi watu wa pwani kwa urahisi: mtoto kutotazama machoni. Kwetu kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu, basi mtoto husifiwa kwa heshima na miaka hupita.

Usonji hauletwi na malezi mabaya. Wala hauletwi na chanjo: makala iliyozua dhana hiyo mwaka 1998 ilifutwa mwaka 2010 na jarida lile lile la Lancet lililoichapisha. Ama kuhusu majini, Muislamu anaamini kuwapo kwao, naye anaruhusiwa kumsomea mwanawe kisomo cha kisheria na kumwombea dua usiku na mchana. Lakini kumchapa mtoto, kumfukiza moshi hadi akakosa pumzi, au kumfunga kamba ili “kinachomkalia” kitoke, ni dhulma juu ya kiumbe asiyeweza kujitetea. Dua haimzuii mzazi kwenda hospitali, kama isivyomzuia kumpeleka mwenye homa akapimwe malaria.

Tuirudie sasa ile shauku, kwani hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunapoona mtoto ameshikamana na makombe, magurudumu au majina ya vyombo vya baharini, wazo la kwanza ni kumpokonya ili “awe kama wenzake”. Ilhali kwake yeye, dunia iliyojaa kelele na mabadiliko hupata utulivu pale. Ukimpokonya, unafunga mlango pekee alioufungua yeye mwenyewe.

Kisa cha Donald Triplett kinatufaa hapa, kwa sababu kilitokea shambani. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani. Ndiye wa kwanza katika orodha ya watoto 11 walioelezwa na daktari Leo Kanner katika makala yake ya mwaka 1943, ambayo iliujulisha usonji kwa madaktari. Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, wazazi wake walimpeleka kuishi na mume na mke waliokuwa wakulima wa kawaida. Mtoto alikuwa na shauku isiyokoma ya kupima na kuhesabu. Wenyeji wake walimchimbisha kisima, wakamtaka awaambie kina chake. Alipozihesabu safu za mahindi tena na tena, walimwacha azihesabu huku akilima. Daktari alipowatembelea, alistaajabu kuona jinsi alivyomwongoza farasi na plau na kumgeuza mwisho wa shamba. Donald alikuja kuhitimu chuo, akafanya kazi benki katika mji wake kwa miaka mingi, akajifunza kuendesha gari, akasafiri nchi nyingi. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Tuulete mfano huo kwetu. Mtoto aliyeshikwa na hamu ya maji kujaa na kupwa, akauliza swali lile lile mara arobaini kwa siku, ana somo zima mikononi mwake. Maji kujaa huchelewa kila siku kwa takriban dakika 50. Hapo pana hesabu na kusoma saa. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu huja baina yake. Hapo pana kalenda ya Hijria, miezi ya siku 29 na ya siku 30, na kuutafuta mwezi wa Ramadhani. Ustadhi mwenye subira aweza kuanzia kwenye maji akafika kwenye saumu. Naye mtoto wa vyombo aweza kujifunza herufi kwa majina yaliyoandikwa ubavuni mwa mashua.

Njia yenyewe yahitaji uvumilivu kuliko fedha. Mzazi akae chini kando ya mtoto, atazame anachokitazama, akitaje kwa neno moja, kisha angoje. Shauku ipewe saa yake, na mtoto aonyeshwe mapema kwa ishara au picha: kwanza kula, kisha makombe. Isigeuzwe fimbo ya kumtishia. Madrasa nayo yaweza kumweka pembeni penye utulivu, ikamfundisha peke yake kwa dakika chache kabla ya wenzake kuanza.

Wapo watakaouliza: je, mtoto huyu ana kipaji cha ajabu? Tujihadhari na swali hilo. Wachache wanacho, wengi hawana, na wapo watakaohitaji kusaidiwa kuvaa na kula maisha yao yote. Haki yao haitokani na kipaji. Sote twamjua Abdullah bin Ummi Maktum (RA), kipofu aliyemjia Mtume (SAW) alipokuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, na kwa ajili yake ikateremka Surat Abasa. Alistahili kusikilizwa siku ile ile, kabla hajawa mwadhini wa Mtume, na kabla hajaachiwa kusalisha watu Madina.

Liko jambo moja lisilongoja kwa watu wa pwani. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji, na baadhi huondoka nyumbani kimya kimya bila kuhisi hatari. Kuzama ni miongoni mwa ajali zinazowaua zaidi. Kwa hiyo mtoto afundishwe kuogelea mapema, na majirani, wavuvi na wachuuzi wa samaki wamjue kwa sura na kwa jina. Mtoto anayefichwa ndani, siku akichopoka kwenda ufukweni, atapishana na watu ishirini ambao hakuna hata mmoja atakayejua ni wa nani wala kwamba amepotea.

Mzazi mwenye shaka aanzie kituo cha afya kilicho karibu, aeleze anachokiona, na aombe rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, Lindi, au mbele zaidi ikibidi. Hakuna dawa ya kuuondoa usonji, lakini mafunzo ya mapema ya kuzungumza na kujihudumia husaidia sana. Na shule ikimkataa, mzazi akumbuke kuwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambulia mtoto huyo haki ya elimu kama wenzake.

Ijumaa hii, baada ya swala, yuko jirani yetu ambaye mtoto wake hatujamwona kwa muda mrefu. Tumpigie hodi, tumwulize mtoto anapenda nini, kisha tukae naye tukitazame. Mwenyezi Mungu awape subira na malipo mema wazazi hawa, na atujaalie sote kuwa majirani wema kwao. Amin.