Kizunguzungu cha Miwani ya Gemu Hakitoki kwa Nyongo

Wazazi wa Kaptembwo, nawaomba tuliache swali hili: "Daktari, kijana alivaa miwani ya gemu akatapika majimaji ya kijani. Nimpe dawa gani ya kutoa nyongo?" Hakuna. Kijana huyo haumwi nyongo.

Nyongo hutengenezwa na ini ili kumeng'enya mafuta. Si kitu cha kutapishwa. Mtu akiendelea kutapika chakula kikiwa kimekwisha tumboni, nyongo hupanda kutoka utumbo mdogo. Ndiyo ile rangi na ule uchungu. Ni matokeo ya kutapika, si chanzo. Anayekuuzia shubiri kuwa dawa ya kutoa nyongo hukunywesha kitu kichungu mpaka utapike, kisha akuonyeshe kijani hicho kuwa ushahidi. Hayo si matibabu. Aliyekwisha kutapika anahitaji maji. Kumtapisha tena ni kumdhuru.

Chanzo halisi tunakijua tangu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, NASA na Jeshi la Wanamaji la Marekani waliteua wanaume 11 viziwi wa Chuo cha Gallaudet, 10 kati yao wakiwa wameziwishwa na homa ya uti wa mgongo. Walipopelekwa kwenye bahari iliyochafuka karibu na Nova Scotia, Kanada, watafiti walizidiwa na kichefuchefu hadi jaribio likakatizwa; viziwi wakaendelea kucheza karata. Nyongo walikuwa nayo. Walichokosa ni kiungo cha mizani kinachofanya kazi ndani ya sikio.

Ugomvi basi ni wa jicho na sikio. Kwenye matatu inayoteremka barabara ya Tambach, sikio linahisi kona huku macho yako kwenye simu. Ndani ya miwani ya gemu, yaani ya uhalisia pepe, ni kinyume: macho yanaona unakimbia, sikio linajua umeketi.

Dawa ni kuvipatanisha. Feni ipulize usoni mwendo wa gemu unapoongezeka. Kiti kitetemeke pamoja na gari la gemu. Tembea kwa miguu badala ya kubonyeza kitufe. Chagua gemu inayofinya upana wa picha unapogeuka, au yenye kitu kisichosogea mbele ya macho: mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichora pua tu kwenye picha, na wachezaji wakastahimili muda mrefu zaidi. Anza na dakika 5. Jasho au mate yakianza kukutoka, vua, usijikaze. Usiendeshe bodaboda mpaka kichwa kitulie. Vidonge vya safari vipo, ila vingi huleta usingizi, muulize mfamasia.

Kizunguzungu kikiendelea hadi kesho yake, au kikija bila safari wala miwani, njooni hospitalini. Pesa mliyotenga kwa shubiri, nunulieni feni.