Ndege mwenye pete mguuni si uchawi

Mtoto akirudi toka ziwani na habari ya ndege mwenye pete mguuni, tusikimbilie kusema ni uchawi au upelelezi. Kuna shakwe, ndege weupe wenye mabawa meusi, wanaozaliwa Ufini, karibu kilomita 7,000 toka Goma. Wataalamu huwavika pete yenye namba wangali makinda. Baridi ikikaribia kule, wanashuka mpaka Ziwa Victoria na maziwa mengine ya huku kwetu. Mwezi wa tatu na wa nne wanarudi. Namba ikisomwa, njia yao inajulikana.

Basi tuwafundishe watoto: ndege aliye hai asipigwe mawe. Pete ipigwe picha, namba ipelekwe ICCN. Aliyekufa asiguswe kwa mikono mitupu wala asiingie sufuriani. Anaweza kuwa na mafua ya ndege.