Mafundi wa Mishipa ya Damu

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii mwaijua. Lakini je, mwajua kwamba miilini mwetu wamo mafundi wanaoziba nyufa usiku na mchana?

Mishipa yote ya damu, mikubwa kwa midogo, ina utando mwembamba kwa ndani uitwao endothelia. Unene wake ni chembe hai moja tu. Ukichubuka, damu huvuja au huganda mahali pasipofaa. Zamani wataalamu walidhani kwamba katika mtu mzima mishipa mipya huchipuka kutoka mishipa ya jirani tu. Mwaka 1997 Takayuki Asahara na wenzake, huko Boston, Marekani, walionyesha kwamba katika damu zimo chembe changa ziwezazo kugeuka kuwa utando huo. Hutoka katika uboho wa mifupa, zikachukuliwa na damu mpaka penye jeraha.

Jambo hili latuhusu sisi wa Makebuko. Katika malaria kali, chembe nyekundu zenye vijidudu hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, zikaziba njia na kuharibu utando. Mwaka jana mdogo wangu alishikwa na malaria ya namna hiyo. Alizimia siku mbili, kisha akapona. Nilijiuliza: kwa nini mmoja apone na mwingine afe? Wataalamu waliochunguza watoto wa Ghana walitangaza mwaka 2009 kwamba wenye malaria ya ubongo walikuwa na mafundi hao wachache kuliko wenye malaria nyepesi na kuliko watoto wazima.

Je, mafundi hao waweza kuongezwa? Matabibu wamejaribu. Huchukua damu au uboho wa mgonjwa, huzichambua chembe hizo, kisha huzidunga katika moyo au mguu uliokosa damu. Wengine walipata nafuu, wengine hawakupata. Kwa hiyo haijawa dawa ya kawaida. Tena imeonekana kwamba nyingi za chembe hizo hazijengi zenyewe, bali huwahimiza wajenzi.

Basi, ndugu zangu, na ninyi mliotutangulia shuleni hapa, atakayewauzia chembe hizo kuwa dawa ya kila ugonjwa msimsadiki. Laleni ndani ya chandarua, na mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa damu siku ile ile. Fundi wa nyufa hana kazi tena nyumba ikiisha kuanguka.