Simu ikijaa, usifute kwa pupa

Ni siku ya mahafali. Kijana kavaa joho, mama na shangazi wamejipanga tayari kupigwa picha, na baba ameinua simu. Anapobonyeza tu, simu inamjulisha kwamba haina nafasi tena. Kwa haraka hiyo, mtu hufuta cho chote kinachomjia mbele. Jioni akitulia ndipo anapogundua kwamba alichofuta ni picha za marehemu mzazi wake, ilhali video za vichekesho alizotumiwa na watu asiowajua zingali mle mle ndani.

Mkasa wa namna hii huzipata familia nyingi za mjini. Simu za bei nafuu aghalabu huuzwa zikiwa na gigabaiti 32 au 64, na hizo si zote za mwenye simu. Mfumo unaoiendesha huchukua sehemu yake kubwa kabla hujahifadhi hata picha moja. Simu inapokaribia kujaa pomoni huanza kwenda polepole, hukataa programu mpya, na hata hushindwa kupokea marekebisho ya usalama. Kwa hivyo kufuta hapana budi. La muhimu ni kujua cha kufuta.

Kinyume na wanavyodhani wengi, vitu tunavyovithamini sana ndivyo vyepesi. Chukua ujumbe mfupi wa maandishi. Mmoja una herufi zisizozidi 160, na uzito wake ni baiti 140. Picha moja ya megabaiti 3 ina uzito wa zaidi ya jumbe 20,000 za aina hiyo! Mtu anayefuta jumbe zake za M-Pesa ili apate nafasi hapati lo lote. Anachopoteza ni ushahidi wa kodi ya nyumba na karo aliyolipa, na siku mwenye nyumba atakapodai hajalipwa, majuto yatakuwa mjukuu.

Hali ni hiyo hiyo kwa ujumbe wa sauti. Nyanya akikutumia salamu za dakika moja kwa WhatsApp, sauti hiyo haifiki hata megabaiti moja. Iache ikae. Video ya dakika moja, kwa upande mwingine, yaweza kumeza megabaiti 100 au zaidi ikipigwa kwa kamera ya kisasa.

Basi anza kwa kupima. Fungua mipangilio ya simu, kisha sehemu ya hifadhi. Utaonyeshwa ni kiasi gani kimechukuliwa na picha, video na programu. Wengine hufunga programu zilizo wazi wakidhani wanapunguza mzigo. Hilo haliongezi nafasi ya kuhifadhia hata kidogo.

Hatua ya pili ni WhatsApp, maana humo ndimo takataka nyingi hulala. Kundi la chama, la kanisa, la wazazi wa shule, la ukoo: kila moja hukushushia picha na video usizoziomba. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp mna sehemu ya kusimamia hifadhi. Hiyo hukupangia makundi kuanzia lile lenye mzigo mkubwa, na hukutengea vitu vinavyozidi megabaiti 5 pamoja na vile vilivyosambazwa mara nyingi. Anza kufuta hapo. Ukimaliza, zima upakuaji wa moja kwa moja, ili uchague mwenyewe cha kupokea. Hata bando lako litadumu zaidi.

Tatu, tazama programu. Ile ambayo hujaifungua tangu mwaka jana, iondoe. Zilizosalia huweka akiba ya vitu vya muda ili zifunguke upesi, na akiba hiyo yaweza kufutwa bila madhara. Lakini tahadhari: karibu na kitufe hicho pana kingine cha kufuta data yote ya programu. Ukikibonyeza kwa WhatsApp, mazungumzo yako yatatoweka kwenye simu. Mwanafunzi naye akague video na filamu alizopakua ili azitazame bila intaneti. Ukishaitazama, ya nini kuibeba?

Mwisho ndipo picha za familia zifikiriwe, na hizo kwanza huhamishwa kabla ya kufutwa. Wanaotumia Google Photos hupewa gigabaiti 15 bila malipo, lakini nafasi hiyo hugawanywa na barua pepe na faili zao nyingine. Tangu 2024, nakala za WhatsApp za simu za Android pia zimehesabiwa humo. Ule ukarimu wa kuhifadhi picha bila kikomo ulikoma Juni 1, 2021.

Hapa pana mtego mmoja unaowanasa wengi. Picha iliyohifadhiwa Google Photos, ukiifuta ndani ya programu hiyo, hufutika simuni na katika akaunti pia. Tumia kile kitufe cha kuongeza nafasi, ambacho huondoa simuni zile tu ambazo nakala zake zimekwisha kuhifadhiwa. Uliyoifuta kwa bahati mbaya hukaa katika pipa la taka kwa siku 60 ikiwa ilikuwa na nakala, na siku 30 ikiwa haikuwa nayo. Itafute kabla muda huo haujapita.

Asiyetaka kutegemea intaneti anaweza kuhamishia picha zake kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu. Hata hivyo, fungua nakala kadhaa uhakikishe zinaonekana ndipo ufute zilizo simuni. Zile za thamani kubwa ziwekwe mahali pawili, kwani kadi huharibika na kompyuta huibwa.

Kazi hii haichukui hata saa moja kwa mwezi, na vijana ndio wepesi wa kuifanya. Lakini kijana akipewa simu ya mama aisafishe, na akae naye, amwulize kabla ya kufuta. Picha isiyoeleweka machoni pake huenda ndiyo ya pekee iliyobaki ya mjomba aliyekwenda zake.