Kuzimika ovyo kwa kompyuta ya nyumbani

Kuzimika ovyo kwa kompyuta ni hali ambapo kompyuta huacha kazi bila kuamriwa na mtumiaji: hujizima, hujiwasha upya, huganda isiitikie kibodi wala kipanya, au huonyesha skrini ya bluu yenye maandishi ya hitilafu. Hali hiyo si ugonjwa mmoja. Ni dalili, kama ambavyo homa si lazima iwe malaria.

Makala hii inahusu hasa kompyuta zinazotumika majumbani na katika steshenari ndogo za pembezoni mwa Dar es Salaam, kwa mfano Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, au Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni. Nyingi kati ya hizo ni za mtumba, zimefanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya, Marekani au Dubai kabla ya kufika Kariakoo. Ndani yake huwa mna mitihani ya tuisheni, hesabu za kikoba, utafiti wa mwanachuo na picha za marehemu ambazo hazipo kwingine. Kwa sababu hiyo, kabla ya kutafuta chanzo, nakili kwanza mafaili muhimu kwenye flashi au diski ya nje wakati kompyuta ingali inawaka.

Kutambua chanzo

Njia iliyo bora ni kuweka daftari. Kila kompyuta inapozimika, andika saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, kama feni ilikuwa ikivuma kwa nguvu, na kama taa ya chumbani ilififia. Baada ya wiki moja mpangilio huanza kuonekana. Kompyuta inayozimika papo hapo kama iliyochomolewa ukutani huelekeza kwenye umeme. Inayozimika baada ya dakika 20 au 30 za kazi nzito huelekeza kwenye joto. Inayoonyesha skrini ya bluu yenye ujumbe tofauti kila mara huelekeza kwenye kumbukumbu ya RAM. Ujumbe ukiwa uleule daima, mara nyingi lawama ni ya kiendeshi au programu moja.

Windows nayo huweka kumbukumbu zake. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha ukaandika perfmon /rel, utaona kalenda ya hitilafu siku kwa siku. Katika daftari la matukio, tukio namba 41 lina maana tu kwamba kompyuta ilijiwasha upya bila kuzimwa sawasawa. Halisemi kwa nini, ingawa wengi hulisoma kana kwamba ndilo jibu lenyewe.

Umeme

Umeme wa nyumbani nchini Tanzania ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Nchi imepitia vipindi vya mgawo mkali, kama vile mwaka 2006 na 2011, ukame ulipopunguza maji ya mabwawa. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, lakini wingi wa umeme bwawani hautibu laini ya mtaani. Nyumba iliyo mbali na transfoma, yenye majirani wengi kwenye waya uleule, hupata volti pungufu hasa jioni watu wanapowasha pasi, majiko na feni. Mashine ya kusaga nafaka au ya kuchomelea mageti inapoanza kazi, volti hushuka kwa ghafla. Taa hufifia kidogo na kurudi; kompyuta huzimika.

Sababu ya tofauti hiyo imo ndani ya kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za 12, 5 na 3.3, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Kikiwa kizima huweza kuhimili umeme ukikatika kwa takribani milisekunde 16, yaani chini ya mzunguko mmoja. Kikizeeka, kapasita zake hupoteza uwezo wa kuhifadhi chaji, na hapo hata mshtuko mdogo wa volti humaliza kazi.

Jaribio rahisi ni kuihamishia kompyuta kwenye nyumba yenye umeme tulivu kwa siku mbili tatu. Ikitulia huko, tatizo ni umeme wa nyumbani, na dawa ni UPS au stabilaiza. Stabilaiza husawazisha volti tu. Haina betri, hivyo haisaidii umeme unapokatika kabisa. Betri ya UPS nayo hudumu miaka mitatu hadi mitano, na joto huifupisha. UPS inayopiga kelele na kuzimika hapohapo umeme ukikatika imebaki kuwa soketi ya bei ghali.

Kompyuta mpakato yenye betri nzima haitarajiwi kuzimika umeme unapokatika. Ikizimika ikiwa inatumia betri, anza kutafuta kwenye joto.

Mnunuzi wa kompyuta ya mtumba atazame nyuma ya pawasaplai. Baadhi ya zile za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua 115 au 230. Iliyotoka Marekani ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa kwenye umeme wa Tanzania, huungua kwa mlio mkubwa mara moja. Pawasaplai yenyewe isifunguliwe na asiye fundi: ndani mna kapasita zinazoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa.

Joto, vumbi na wadudu

Prosesa nyingi hupunguza kasi zinapokaribia nyuzi 100 za selsiasi, na joto likizidi hujizima ili zisiungue. Hii ni kinga, si ubovu. Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi chumba kilichoezekwa kwa bati bila dari huwa na joto jingi kabla kompyuta haijawashwa. Barabara za vumbi huongeza blanketi kwenye feni na mapezi ya kupozea. Wadudu nao wamo: mende hupenda ujoto, na mjusi huweza kufa katikati ya nyaya.

Zima kompyuta, chomoa waya, toa ubavu wa kasha, kisha safisha kwa brashi laini na upepo, ukishika feni isizunguke. Kitambaa chenye maji hakifai. Kama mashine ina umri wa miaka mingi, krimu iliyo kati ya prosesa na kipozeo huwa imekauka, nayo hubadilishwa na fundi kwa muda mfupi. Kuweka kompyuta mpakato juu ya godoro au mto huziba matundu ya hewa. Kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu ya kasha kinapendeza, lakini kitolewe mashine inapowaka.

RAM na diski

Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na miguu ya vipande vya RAM hushika kutu nyepesi. Mafundi wengi huisugua taratibu kwa kifutio cha penseli na kuirudisha, na mara nyingi kompyuta hupona. Kama kuna vipande viwili, jaribu kimoja kimoja. Amri mdsched hupima RAM. Iachwe ifanye kazi hadi mwisho.

Diski inayokufa hutoa ishara: mafaili kufunguka polepole, mlio wa kugonga, kuganda kwa dakika nzima. Ikiwa hivyo, nakili mafaili kwanza ndipo utumie chkdsk, maana ukaguzi mrefu huweza kuimaliza diski iliyochoka.

Programu na desturi ya "kupiga Windows"

Kiendeshi kibaya, virusi, au vifaa vya kufungulia Windows isiyolipiwa huweza kuangusha mfumo. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta takribani milioni 8.5 duniani. Kompyuta ikitulia katika hali salama, ambayo huwasha viendeshi vya msingi tu, chanzo huenda ni programu, na iliyoongezwa mwisho ndiyo ya kuondolewa kwanza.

Mafundi wengi wa mitaani huanza kwa kufuta diski yote na kusimika Windows upya. Kwa maoni ya mwandishi, kuanza hivyo ni kosa: haitibu joto, umeme wala RAM, na hufuta kazi ya mteja. Mpe fundi lile daftari, na umwambie kwa maandishi kwamba mafaili yasiguswe.

Ubao mama wenye kapasita zilizovimba vichwa mara nyingi haurekebishwi kwa bei nafuu kuliko mashine nyingine ya mtumba. Hata hivyo diski yake, ikiwa nzima, husomeka kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya USB, isipokuwa imefungwa kwa BitLocker. Hapo utahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kompyuta nyingi mpya huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiandaa mashine mwanzoni, naye pengine ni fundi au muuzaji.